Ndani ya korti nani ni nani? Mdogo wangu ameshikwa na simu ya wizi na mimi sielewi naongea na nani

Dada wa Pipeline

Hamjambo wadau. Mnisamehe nikiandika refu, nimetembea na hii maneno kichwani tangu Jumatatu na kila mtu nikimuuliza anataka pesa kwanza.

Mdogo wangu ana miaka 22, ana kakibanda ka kutengeneza simu na pia ananunua zile zimetumika anauza. Mwezi jana alinunua moja elfu sita na mia tano kwa kijana alikuja nayo na chaja yake na kila kitu, hakuandikishana naye mahali. Wiki mbili baadaye polisi wakaja na msichana mwenye simu, wakamshika Ijumaa jioni, akalala seli mpaka Jumatatu asubuhi ndio akaletwa kortini.

Sasa hapo kortini ndio nilipotea. Kuna mama amekaa juu, huyo najua ni hakimu. Chini yake kuna mwingine anaita majina na anaandika. Kuna jamaa wa suti ako na rundo la mafaili mpaka kidevuni. Kuna mawakili wameketi mbele wanacheka na huyo wa mafaili kama wamesoma pamoja. Kuna polisi wa kusimama kando ya kizimba na polisi mwingine wa nguo za nyumbani ndiye alimshika kijana wetu. Akasomewa mambo mawili, kuiba, alafu ati kupatikana na mali ya wizi, akaulizwa kweli ama si kweli, akasema "ni kweli simu nilipatikana nayo lakini nilinunua". Wakaandika. Dakika mbili hazikuisha akarudishwa chini. Bondi laki moja na mdhamini mmoja ama pesa taslimu elfu thelathini, tarehe ya kutajwa wiki mbili.

Nikitoka kwa koridho mwanaume mmoja wa faili ya bluu akanivuta kando, akasema elfu kumi na tano na hiyo faili inapotea. Nilidhani ndiye yule wa suti. Mwingine akasema ni loya, nimpe elfu tano ya kufungua mdomo. Na sasa mwenye simu mwenyewe ni mwanafunzi wa kolej, ameniambia akirudishiwa simu yake yeye hana ubaya, amechoka na kutembea kituoni.

Nauliza: nani hapo ana uwezo wa kumaliza hii kesi? Msichana akisamehe si imeisha? Na serikali haipeani loya wa bure? Na hiyo "ni kweli lakini", hajajifunga mwenyewe?

Shamba_Boi_Jogoo Road

Pole sana sisto. Kwanza kabisa usitoe hata shilingi kwa huyo wa faili ya bluu. Faili ya korti haitembei kwa koridho kwapani kwa mtu. Hao ni makanga wa haki, wanapigia debe gari ambayo hata sio yao.

Mzee wa Rejista

Dada, mimi nilikuwa karani wa korti miaka ishirini na saba, nimestaafu, nafuga kuku Kitengela. Wacha nikuelezee hicho chumba pole pole maana hakuna mtu huelezwa, unasukumwa tu ndani kama umezaliwa ukijua.

Huyo wa suti mwenye mafaili ndiye kiongozi wa mashtaka, wengi wanamwita prosekyuta. Anatoka ofisi ya DPP, yule mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Zamani mahali pake ungepata inspekta wa polisi na kofia yake mezani, polisi anashika, polisi anashtaki, sasa wewe hapo utapona wapi. Katiba ya 2010 ndiyo iliweka DPP peke yake, haamrishwi na polisi wala waziri. Kwa hivyo yule wa nguo za nyumbani ni mpelelezi. Kazi yake ni kuandika stetimenti za mashahidi, kutunza hiyo simu kama kielelezo na kuja kutoa ushahidi, mara nyingi huwa shahidi wa mwisho. Hana uwezo wa kuondoa kesi ikishafika kwa hakimu, hata akuambie nini. Wengi wanakula pesa ya watu hapo hapo kwa sababu mshukiwa anadhani aliyemfunga pingu ndiye ana ufunguo wa mlango.

Wa chini ya hakimu ni karani, ile kazi yangu. Anaita kesi, anasoma mashtaka, anatafsiri, anapanga tarehe. Hapo kwa kutafsiri usipuuze. Mdogo wako anaelewa Kiswahili sawa, lakini nimeona mama wa Kiturkana anasomewa kitu anaitikia tu kwa kichwa kwa sababu watu wanamtazama. Mkalimani ni haki yake bila malipo, anasema "sielewi hiyo lugha", basi, kesi inangoja mpaka apatikane anayeielewa. Sio aibu.

Polisi wa kizimbani ni odali wa korti, anachunga tu. Mawakili wanaocheka na prosekyuta, usijali, wanaonana kila siku, ni kama madereva wa stage moja.

Na hakimu. Watu wanafikiri hakimu amesoma kesi yote na anajua ukweli uko wapi. Hajui kitu. Anajua ile amewekewa mbele yake na ile inasemwa. Hatapiga simu kwa kibanda cha jirani aulize kama kijana alinunua. Kama hakuna mtu amesema, haiko.

Na kwa sababu mtu ataniuliza, hapana, wale kumi na wawili wa sinema za Marekani hapa hatuna. Tulikuwa na wazee wa baraza, watatu, walikuwa wanaketi na jaji kesi za mauaji kule Mahakama Kuu wanatoa maoni na jaji hakulazimika kuyafuata. Iliondolewa 2007. Sai ni hakimu ama jaji peke yake.

Hiyo ya Ijumaa mpaka Jumatatu, kisheria ni saa ishirini na nne, lakini zikiisha wakati korti imefungwa ni siku ya kwanza inapofunguliwa. Wikendi ilimmeza tu, hapo hakuna kosa.

Mitumba Baraka

Mzee amesema kweli tupu hapo kwa hakimu hajui kitu. Mimi nilishtakiwa kupiga mtu, fujo ya nafasi ya kuuzia pale sokoni, na sikuwa na wakili, nilijitetea. Wacha niwaambie venye ilikuwa.

Shahidi wa kwanza alipomaliza, hakimu akanigeukia, "una maswali?" Nikaanza hotuba. Nikaeleza venye huyu mtu ananichukia tangu tulipogawiwa meza, venye bibi yake aliwahi kunikopa hakulipa, nimenyoosha kidole na jasho linanitoka. Hakimu akaweka kalamu chini. "Bwana, uliza swali. Hadithi yako utatoa wakati wako." Nilikasirika, nilidhani ananinyamazisha. Kumbe alikuwa ananisaidia. Saa ya mashahidi wa serikali ni ya kuuliza peke yake, yako inakuja mwisho.

Sasa siku ya shahidi wa pili nikaja na karatasi, nimeandika maswali manne tu. Huyo alikuwa amesema aliniona wazi saa tatu usiku kwa ile taa kubwa, mulika mwizi. Nikamuuliza, ulikuwa umbali gani? Akasema kama kutoka hapa mpaka mlangoni wa nje. Nikauliza, na hiyo mulika mwizi ilikuwa inawaka? Akanyamaza. Karani akarudia swali. Akasema "hiyo iliharibika tangu Januari". Vita ilikuwa Aprili bana! Nikaketi. Sikuongeza neno, na nilitaka sana kuongeza.

Serikali ilipofunga kesi yake hakimu akasema sina kesi ya kujibu, nikaachiliwa hata kabla ya kujitetea. Mwaka mmoja na miezi minne nikitembea kortini lakini, msisahau hiyo. Kila mara mpelelezi hayuko, faili ya polisi haiko, tunapewa tarehe ingine na mimi nimefunga biashara siku nzima.

nduthi_ya_usiku

Mnaongea tamu lakini mtu wa Mukuru bila loya anafungwa tu, hayo mengine ni ya vitabu. Mkubwa akiiba mamilioni anakuja na mawakili kumi na mbili na kiti cha magurudumu, kijana wa simu ya elfu sita analala Indaa, jela ya Industrial Area, mwaka mzima juu ya bondi. Hapo haki iko wapi.

Wakili wa Matatu

@nduthi huna makosa. Rumande imejaa watu wamepewa bondi lakini hawana hiyo pesa, na kusema eti wako huru kwa karatasi ni kujidanganya. Lakini pia kuna mlango watu hawagongi: bondi ikikushinda unaweza kuomba ipunguzwe, hata ukiwa rumande, hata bila wakili, unainua mkono siku ya kutajwa unasema "Mheshimiwa naomba masharti yapunguzwe, mimi kazi yangu ni hii na nina watoto hawa". Katiba inasema masharti yawe ya busara. Hakimu anaweza kuagiza afisa wa probesheni aende kwenu aulize chifu na majirani kama kijana ni wa kutoroka. Hiyo ripoti ina uzito kushinda kulia.

Sasa dada. Mimi ni wakili mchanga, sikutafuti kama klaenti, najibu tu.

Hiyo "ni kweli lakini nilinunua" sio kukubali kosa. Kosa la kupokea mali ya wizi, ndilo hilo alisomewa la kupatikana nayo, linataka ajue ni ya wizi, ama awe na sababu ya kujua. Akisema alinunua akiamini ni halali, amekana kitu cha maana kabisa kwa hilo kosa. Tangu kesi ya Adan ya 1973 korti zetu zinafuata njia moja: mashtaka yanasomwa kwa lugha ya mtu, jibu linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, hata akisema ni kweli bado prosekyuta anasoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa akipinga hayo maelezo hakimu anabadilisha anaandika amekana. Na kwa sababu alipewa bondi na tarehe badala ya hukumu, hiyo inaonyesha waliandika amekana. Lakini msikae na kudhani, aperuzi faili kwa rejista aone kwa macho yake, ni kesi yake, ana haki.

Mashtaka kuwa mawili msishtuke. La pili ni shtaka mbadala. Kuiba kukishindwa kuthibitika, serikali inajaribu la kupatikana na mali ya wizi, hawezi kufungwa kwa yote mawili juu ya simu moja. Lakini msilichukue rahisi, kupokea mali ya wizi kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Na korti zinaangalia sana mtu aliyepatikana na kitu muda mfupi baada ya kuibwa. Akitoa maelezo ya kuaminika jinsi alikipata, hiyo ndiyo ngao. Kwa hivyo mtafuteni jirani aliyeona huyo kijana wa chaja akiuza. Mesej za simu, M-Pesa kama alilipa kwa M-Pesa, leteni yote.

Kuhusu msichana kusamehe. Angalieni karatasi, imeandikwa Jamhuri dhidi ya mdogo wako, jina la msichana liko chini kama mlalamishi. Kesi sio mali yake. Anaweza kwenda mbele ya hakimu aombe kuondoa malalamiko na aeleze kwa nini, na hakimu akiridhika anaruhusu na mshtakiwa anaondolewa mashtaka kabisa. Asiporidhika anakataa. Hata DPP mwenyewe akitaka kuondoa lazima korti ikubali, Katiba kifungu cha 157. Na chungeni kitu hapa: prosekyuta akiondoa kwa ile wanaita 87(a), kifungu cha sheria ya kuendesha kesi za jinai, kabla kijana hajaitwa kujitetea, ameachiliwa lakini anaweza kushikwa tena kwa jambo hilo hilo. Nimeona watu wanapika pilau ya sherehe, miezi mitatu wako ndani tena.

Alafu msiende kwa msichana usiku na bahasha. Hiyo inaweza kuonekana ni kuvuruga shahidi na bondi inafutwa. Aende mwenyewe kwa prosekyuta mchana, kwa hiari yake.

Njeri wa Githurai

Naomba kusema upande wa mlalamishi maana kila mtu anaongelea mshtakiwa. Mimi niliporwa kipochi mwaka fulani, nikaumizwa mkono. Nilienda kortini mara sita. Mara nne sikuitwa hata ndani, niliketi kwa benchi ya nje na yule kijana aliyenipora ameketi benchi ya pili, ametoka kwa bondi, tunatazamana. Hakuna mtu aliniambia prosekyuta ni wangu ama si wangu. Siku niliuliza akaniambia "mama mimi ni wa serikali, wewe ni shahidi". Iliniuma. Mimi ndio nilipigwa alafu niko shahidi tu?

Baadaye kuna mama wa shirika akanieleza kuna sheria ya kulinda waathiriwa, ya 2014, ningeweza kuomba kuambiwa kesi imefika wapi, na kabla ya hukumu ningeandika nieleze huo mkono umenigharimu nini. Hakuna mtu aliniuliza. Kesi ilikwisha siku sikuweko.

Kwa hivyo dada, huyo msichana wa simu ukimuona amechoka, sio kwamba amesamehe. Amechoka.

Wakili wa Matatu

Dada Njeri pole. Hata Mahakama ya Upeo ilisema 2020 kwamba mwathiriwa anaweza kusikizwa ndani ya kesi, hata kupitia wakili wake, mradi asigeuke prosekyuta wa pili. Lakini benchi ya nje ni ile ile, nakubali.

Dada wa Pipeline

Dada Njeri umenigusa, sikuwa nimemfikiria hivyo huyo msichana. Nitampigia nimuombe tu msamaha bila kumuuliza atafanya nini.

Na loya wa bure? Hakuna aliyenijibu hapo.

Mzee wa Rejista

Kesi za mauaji Mahakama Kuu, hapo mtu hasimami peke yake, korti inamtafutia wakili na serikali inalipa. Kwa hizi zetu za hakimu, Katiba inasema apewe kama bila wakili kutakuwa na dhuluma kubwa, na hakimu anatakiwa kumwambia hiyo haki mapema. Kuna sheria ya 2016 ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, mnaweza kuomba huko, lakini watu ni wengi, usikae ukingoja. Kuna Kituo Cha Sheria, hao wako tangu 1973 na wanajua watu wa mtaa. Kama angekuwa mwanamke ningesema pia FIDA, kile chama cha mawakili wanawake. Hata huko magereza kuna wafungwa wamefunzwa kazi ya paralegal, yaani msaidizi wa mambo ya sheria, wanaandikia wenzao rufaa, na wengine rufaa zinapita, nimezipokea kwa meza yangu na mwandiko wa kalamu.

Huyo anajiita loya, chukua jina lake kamili, Law Society, chama cha mawakili, wana mahali kwa mtandao unatafuta wakili unaona kama yuko hai kwa rejista mwaka huu. Akikataa kukupa jina kamili umeshapata jibu.

nduthi_ya_usiku

Na hakimu akiwa ndiye shida?

Mzee wa Rejista

Kuna ombudsman wa Mahakama, unaandika barua ama unapeleka kwa mtandao. Akiwa polisi ni IPOA, ile mamlaka ya kuchunguza polisi. Na hukumu ikikuuma ni rufaa, siku kumi na nne, usingoje ya kumi na tano ukija na hadithi ya mafuriko. Sijasema ni haraka. Nimesema zipo.

Dada wa Pipeline

Nimerudi. Chama kilitoa elfu thelathini, kijana ametoka, risiti tumeiweka kwa Biblia ya mama maana nimeambiwa hiyo pesa inarudi kesi ikiisha kama hajaruka tarehe. Jana tumeenda rejista na yeye mwenyewe. Karani mmoja mpole akatufungulia faili, tukaona kwa mkono wa hakimu maneno yake yote, "ni kweli nilipatikana nayo lakini nilinunua", alafu chini imeandikwa amekana mashtaka. Nililia kidogo pale dirishani, watu wakaniangalia.

Pia tumemuuliza prosekyuta, yule wa suti, kumbe ni mtu wa kawaida tu, stetimenti za mashahidi. Akasema ni haki yetu, ziko kurasa kumi na tisa, lakini mashine yao haina wino, tukatoe kopi wenyewe na mpelelezi ashikilie za orijino. Na wa faili ya bluu nilimuona tena koridho. Nikamuuliza jina lake kamili. Aligeuka akaingia choo.

Jirani wa kuuza mayai boilo anasema aliona siku simu inanunuliwa, na anakumbuka kwa sababu huyo kijana alikula mayai mawili akalipia moja.

Sasa hizo kopi, kuna mahali bei nafuu karibu na korti? Pale langoni wanataka shilingi kumi kwa ukurasa.

Shamba_Boi_Jogoo Road

Langoni ni bei ya watu wenye wasiwasi. Vuka barabara, kuna cyber ya ghorofani, tatu tatu. Na huyo wa mayai mwambie asiuze ile siku ya kesi.